Kiwiko na Taya la Shemeji

Mkono wa kulia wa Kiwiko haukuwahi kunyooka tangu azaliwe. Mama yake, fundi cherehani, aliufunga kwenye rula ya kupimia nguo kila jioni kwa miaka miwili, mtoto akilia mpaka majirani wakaja kumwomba mama amwonee huruma. Rula ikapinda, mkono ukabaki ulivyo. Shuleni wenzake wakambandika jina la Kiwiko. Alilichukia kwa miaka kadhaa, kisha akaona kwamba watu wakilitaja huku wanaogopa, halina ubaya.

Walianza kuogopa alipofikisha miaka ishirini. Kutwa alikuwa karakana ya matairi, akipiga nyundo ya kilo saba kubandua tairi kwenye rimu, na mabega yakamjaa kama ya punda wa mizigo. Jumamosi alichezea timu ya kriketi ya wafanyakazi. Mrushaji wa kriketi hutimua mbio, akazungusha mkono juu ya bega na kuachia mpira mgumu wa ngozi udunde mbele ya mpigaji, ambaye ana gongo mkononi na vijiti vitatu vya kulinda nyuma yake. Mkono hauruhusiwi kujikunjua kwenye kiwiko wakati wa kuachia. Ukijikunjua, hujarusha, umetupa, kama mtu anayemfukuza mbwa kwa jiwe.

Mpira wa Kiwiko ulikuwa wa kasi ambayo uwanja ule haukuwa umeiona. Wapigaji walisikia kishindo cha vijiti kabla hawajainua gongo. Wakaanza kunong'ona kwamba mkono ule una hila.

"Mkono wangu Mungu aliukunja mwenyewe," aliwajibu. "Nendeni mkamshtaki."

Mtu mmoja alishtaki kweli. Alikuwa mume wa dada yake, karani wa idara ya maji, mpigaji wa kwanza wa timu pinzani, mtu mpole wa kupiga pasi mpaka soksi. Aliandikia chama cha kriketi barua ya ukurasa mmoja, akaeleza kwamba shemeji yake ana kipaji kikubwa, lakini anapotaka mpira wa kasi zaidi kiwiko hujikunjua, na ingefaa apimwe mapema kabla hajazoea kosa. Hakukuwa na tusi hata moja ndani yake. Mwamuzi mmoja akamsomea Kiwiko barua nzima siku ya Alhamisi, na upole wa barua ndio uliomchoma zaidi.

Jumamosi walikutana. Timu ya idara ya maji ilikuwa na helmeti moja tu, na karani alikuwa amemwachia mwenzake mwenye watoto wadogo. Mpira wa kwanza ulimpata mbavuni. Akainama, akajikanda, akajaribu kutabasamu.

"Shemeji, taratibu basi. Tunacheza tu."

"Andika barua," Kiwiko akamwambia, akarudi kuanzia mbio zake.

Wa pili ulimpita sikioni. Wa tatu Kiwiko aliudundisha karibu na miguu yake mwenyewe, kwa nguvu zote, na ukapanda moja kwa moja usoni mwa karani. Mlio wake ulikuwa kama wa kijiti kikavu. Karani alikaa chini polepole, miguu mbele kama mtoto, akatema kitu kwenye kiganja na kukitazama. Yalikuwa meno mawili. Wenzake wakamkimbilia. Kiwiko alibaki pale alipokuwa, akiusugua mpira kwenye suruali ili ung'ae, na ndani yake akasikia raha tupu, kama ya maji baridi kwa mtu aliyetoka juani.

Taya lilikuwa limevunjika mahali pawili. Karani alifungwa nyaya mdomoni wiki sita, akawa anakunywa uji mwepesi kwa mrija. Mama akamsihi Kiwiko aende hospitali akaombe radhi. Akaenda. Alibeba pingili za miwa kwenye mfuko, akaziweka kitandani, na kumwambia mgonjwa kwamba pole ya mikono mitupu ni aibu, basi atafune taratibu. Alicheka peke yake wodi nzima. Dada yake aliuchukua mfuko, akautia kwenye ndoo ya taka, kisha akamfungulia mlango.

"Ukitoka hapa," akasema, "sina kaka."

Mwamuzi aliripoti kwamba mpira ulikuwa halali, na wiki mbili baadaye timu ya jiji ikamwita. Walihitaji mtu wa kutisha. Kwa misimu miwili watu walijaa kumwangalia, nusu walimshangilia na nusu walipiga kelele, "Anatupa huyo, anatupa." Alivunja vidole vya mwalimu mmoja, akamzimisha dereva mmoja kwa dakika nne. Kila mtu alipobebwa nje, Kiwiko alihesabu hatua zake kurudi mwanzo wa mbio, bila kugeuka. Waandishi wakimwuliza kama anajuta, aliwauliza kama gongo lile mpigaji alipewa la kupikia ugali.

Chama kilimpima mwishowe. Walimvua shati kwenye chumba chenye kamera kumi na mbili, wakambandika vidoti vyeupe kuanzia bega mpaka kifundo cha mkono, wakamwambia arushe. Alikuwa mjanja: alirusha kwa nguvu ya kadiri, akapita. Alitoka anapiga mluzi. Hakujua kwamba tayari walikuwa wameweka kamera zilezile uwanjani, na Jumapili iliyofuata wakampima bila kumwambia, siku ambayo aliwatoa mchezoni wapigaji sita.

Daktari wa chama alimwonyesha picha kwenye kompyuta. "Ukirusha polepole, mkono wako ni halali," alisema. "Kasi yako ndiyo isiyo halali. Toa kasi, ucheze."

"Nikitoa kasi nitakuwa nani?"

"Hilo si swali la kitabibu," daktari akamjibu, akasogeza karatasi ili atie sahihi.

Alifungiwa akiwa na miaka ishirini na sita. Alijaribu kurudi na mpira wa polepole, na wapigaji aliokuwa amewatisha wakajipanga foleni. Mwalimu wa vidole alimpiga mfululizo mipira minne nje ya uwanja, na baada ya kila mmoja alimwonyesha mkono ulioungwa vibaya. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nahodha hakumpa mpira tena.

Akarudi kwenye nyundo. Miaka kumi baadaye bega likaisha, na karakana haikuwa na kazi ya mtu wa mkono mmoja. Mama alipofariki, dada yake alimpa mkono makaburini kama anavyopewa mkono mtu aliyekuja na majirani, akasema asante kwa kufika.

Kazi aliyoipata mwishowe ilikuwa kwenye klabu ya kriketi. Walikuwa wamenunua mashine ya kurushia wapigaji mipira ya mazoezi, na walitaka mtu wa kuilisha, mpira mmoja baada ya mwingine, kisha kuokota. Barua ya kuajiriwa ilitiwa sahihi na mwenyekiti mpya wa klabu. Mwenyekiti alikuwa shemeji yake.

Kwa mwaka mzima hakumsemesha ila kwa salamu. Kisha siku moja saa tatu asubuhi akaja mwenyewe kwenye wavu wa mazoezi, na gongo, mbele ya wanachama wapatao ishirini. Taya lake lilikuwa limeunga upande, maneno yakitokea pembeni.

"Zima mashine," alisema. "Nataka wewe."

"Bega langu limeharibika, shemeji."

"Nimesoma faili lako. Mipira mitatu tu."

Kiwiko alishika mpira. Kwa muda mfupi aliamini kwamba kitu fulani kingemrudia, angalau mara moja, na akaulenga mdomo ule uliopinda. Alikimbia. Bega likalia, na mpira ukadunda mara mbili kabla ya kufika. Shemeji yake akausukuma kando kama anafagia. Wa pili ulitoka nje ya wavu. Wa tatu ulimfikia polepole kiasi kwamba shemeji yake aliweka gongo kwapani, akainama, akaudaka kwa mkono mmoja.

Wanachama walicheka. Yeye hakucheka hata kidogo. Alimrudishia mpira mkononi, akamkunja vidole juu yake.

"Nilitaka tu kujua kama bado unataka kuniua," alisema. "Naona unataka. Haya, washa mashine."

Kiwiko akaiwasha. Shemeji yake alifanya mazoezi mpaka saa tano, mipira mia moja na ishirini, na Kiwiko akaiokota yote.