Salamu kwa Ngitili

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, niliona aibu kuusalimu msitu. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa ametufundisha kwamba kabla ya kuingia kwenye ngitili yetu kuchota maji, lazima usimame, uweke ndoo chini na useme "Mwangaluka", kama unavyomwamkia mtu mzima asubuhi. Ngitili ni eneo ambalo sisi Wasukuma hulifunga masika, mifugo isilikanyage, ili kiangazi ng'ombe wapate majani. Yetu, kule upande wa Shishiyu, iliishia bondeni kwenye mikuyu mikubwa, na chini ya mikuyu ile kulikuwa na chemchemi. Bibi alisema mwenye maji ni chatu.

"Huyo akihama, maji yatamfuata." Hakusema kwa kututisha. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni.

Mimi nilikuwa nimeanza mafundisho ya Jumapili, na wenzangu walinicheka kwa kuamkia miti. Basi asubuhi moja nikapita moja kwa moja, kimya, kichwa juu.

Mle ndani kulikuwa na ubaridi ambao hukuupata pengine popote kijijini. Majani makavu yalikuwa yamelaliana miaka na miaka. Ukikanyaga, mguu unadidimia, na chini yake udongo ni mweusi, una unyevunyevu hata kiangazi. Niliinama kuchota. Mzizi mmoja wa mkuyu, mnene kuliko paja la baba, ukasogea.

Chatu alipita mbele yangu taratibu, mabaka yake yaking'aa, akaendelea kupita, na bado akaendelea, hata nikadhani hana mkia. Hakunitazama. Niliogopa mpaka hofu ikaniisha, nikabaki kushangaa tu kwamba kitu kikubwa na kizuri namna ile kilikuwa kikiishi jirani nasi bila makeke. Nikarudi na ndoo tupu, nikasema nimeteleza. Kueleza ukweli kungenilazimu kusema kwamba sikusalimu.

Wiki ileile baba alichukua shoka. Miaka hiyo wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na malori yao, si ushirika peke yake tena, na kila mtu alitaka shamba jipya.

"Mayu, udongo mzuri hivi unalisha nyoka!" alimwambia mama yake.

"Unakulisha wewe, kwa maji," bibi akajibu.

Baba akacheka, akaenda zake. Siku nne tulisikia mikuyu ikianguka.

Pamba ilistawi mwaka ule, siwezi kusema uongo. Lakini mvua zilipokuja, maji yaliyozoea kuzama chini ya yale majani yakakimbia juu ya ardhi, yakauchukua na ule udongo mweusi. Kiangazi kilichofuata chemchemi ikawa tope, kisha nyufa. Tukawa tunakwenda kufukua mchanga mtoni, mwendo wa asubuhi nzima. Mama alikuwa mjamzito, na alikwenda na ndoo yake hivyo hivyo.

Nami nilijua ni mimi. Siku mama alipoanguka njiani akaletwa amebebwa, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia bibi mbele ya baba, nikilia kwa kwikwi, kwamba chatu amehama kwa sababu sikumwamkia.

Bibi hakucheka. Alinipakata, mimi na ukubwa wangu wote.

"Mbuke, nyoka hana masikio ya kusikia salamu. Ile salamu ni yako wewe. Mtu akisimama kusalimu, anaona alipofika. Baba yako hakusimama."

Baba aliinuka, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Jua lilikuwa la utosi. Alifika palipokuwa na mikuyu, akavua kofia, akasimama muda mrefu mbele ya visiki, mtu yule aliyemcheka bibi, halafu akasema, "Mwadila," ambayo ndiyo salamu ya mchana. Mwili ulinisisimka kuliko siku ya chatu.

Kesho yake alikata miiba akalizungushia bonde zima, na hakupanda kitu pale tena. Mdogo wangu alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Visiki navyo havikuwa vimekufa. Masika yalipofika vilichipua.

Siku hizi mabwana misitu hutueleza mikutanoni habari za mizizi, majani yanayooza na jinsi maji yanavyohifadhiwa ardhini, nami nakubali kila neno. Maji yetu yalirudi nikiwa nimeshaolewa, kidogo kidogo, kisha ya kutosha ng'ombe. Chatu sijamwona tena, na sidai kujua alikokwenda. Baba amezeeka, macho hayaoni. Nikienda nyumbani namshika mkono tunashuka wote bondeni. Husimama mwenyewe kabla sijamwambia tumefika, kwa kuusikia ule ubaridi tu, akavua kofia.