Jiwe Chini ya Mashine Yangu

Naikumbuka siku moja pale Mbale vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku niliyooa, mwanangu, na mama yako asinisikie. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi, niliyeanza kwa kubeba magunia sokoni Jinja, niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya, nilikuwa nachimba msingi wa mashine yangu ya unga. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kwenye shimo lile. Kibao nilikuwa nimeshakiandika, herufi kubwa: UNGA UMEANZA HAPA.

Vibarua wakafukua jiwe pana, katikati limelika kama bakuli. Mama Nambozo, jirani yangu, akainama akalipapasa.

"Hili la kusagia. Kuna mwanamke alipiga magoti hapa, akalisha watu."

"Mama, mimi nimeleta injini! Livunjeni liwe kokoto."

Vibarua wakaweka nyundo chini.

"Vunja mwenyewe, bwana mkubwa," akasema Mama Nambozo. "Ila mahindi yetu utayaona yakipita tu, yakienda kwa mwingine." Wanawake waliosimama njiani wakaguna. Hao ndio wateja wangu, mwanangu!

Fundi niliyemtoa Jinja kufunga mashine, Mturuki jina lake Yusufu, akacheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji.

"Bosi, wewe ni mtu wa kwetu kabisa. Mji wetu uko juu milimani, mdogo, unauzunguka kabla chai haijapoa. Watu wa kale walichimba nyumba ndani ya mwamba, wakasema mji ni wao. Wakaja Wagiriki, wakasema umeanza na wao. Warumi, vilevile. Wakristo wakajenga kanisa. Tukaja sisi Waturuki na farasi, kanisa likawa msikiti, nguzo zilezile. Kizingiti cha nyumba ya nyanya yangu kina maandishi ya Kigiriki. Hajui kuyasoma, lakini kila asubuhi anakifagia kwanza yeye mwenyewe."

"Na hao wote wako wapi?"

"Chini. Mawe yao ndiyo bado yako kazini."

Kisha nikashuka shimoni kwa viatu vyangu vipya, nikalibeba jiwe kwa mikono hii hii, nikaliweka mlangoni. Kibao nikakifuta neno moja, kikasomeka: UNGA HAPA. Mashine ilipowaka, debe la kwanza lilikuwa la Mama Nambozo. Alimwaga konzi ya mahindi juu ya jiwe, ndipo akaingia.

Leo nina mashine Mbale, nina nyingine Jinja, na hakuna anayesaga laini kama mimi, uliza popote. Lakini mwanangu, ukipata kiwanja, kabla hujaandika jina lako, uliza nani alipika hapo. Mpe nafasi mlangoni. Na wewe siku moja utafukuliwa na mgeni mwenye haraka.

Mungu akujalie msingi usiotikisika, na atakayekufukua akuweke mahali pa heshima.