Vitambaa vya Générose

Mimi ndiye niliyeanzisha kundi la Watazama Anga Katavi kwenye WhatsApp, na nalitaja hilo mapema lisije likasahaulika. Mnanijua: Anselmo, fundi simu wa Mpanda, mwenye kibanda karibu na stendi. Tulianza watu sita. Leo tuko mia moja na arobaini, kuanzia Majimoto mpaka Mishamo, na wengi hatujawahi kuonana. Kila asubuhi niliwawekea habari za sayari na roketi. Nilizitoa mtandaoni, nikazitafsiri, nikaweka jina langu chini. Mkaniita Mwalimu, nami nikaitika.

Halafu akaja Générose.

Générose analima maharage na mahindi huko Mishamo. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye amezaliwa hapahapa. Ana watoto wanne, baiskeli moja na simu yenye kioo kilichopasuka. Alikaa kundini mwaka mzima bila kuandika hata salamu. Siku moja akatuma picha ya uzio wa fito nyuma ya nyumba yake, umefungwa vipande vya kanga kuukuu. Akaeleza kwamba kila Jumapili jioni anakaa juu ya kinu kilekile, anatazama jua linazamia nyuma ya ufito upi, kisha anakwenda kuufunga kitambaa. Vitambaa vilianzia upande mmoja wa uzio, vikasogea mpaka upande wa pili, vikaanza kurudi.

Mlimshangilia siku tatu. Hata mama mkwe wangu Agatha, niliyemwingiza kundini kwa kumbembeleza na ambaye hajawahi kunijibu neno, alimtumia maua. Nilimwonea wivu. Roho iliniuma mpaka nikawa naikuza ile picha nitafute kasoro, na sikuiona. Basi kila alichoandika nikawa namjibu "asante kwa mchango", kama mwenyekiti anayetaka mtu akae chini.

Ndipo Silvester wa Dodoma, yule mtaalamu anayezunguka mikoani na darubini, akasema atakuja tukutane ana kwa ana. Tungetazama madoa ya jua mchana, kisha angechagua mmoja wetu aiwakilishe Katavi kwenye mkutano wa makundi yote ya anga nchini. Nafasi ni moja. Mimi nilishanunua shati.

Tulipatana tukutane Jumamosi saa nne, kibandani kwangu. Alhamisi Silvester akanipigia: anatokea Sumbawanga, basi tukutane Sitalike, iliyo njiani kwake, niwatangazie. Ningeweza kuandika mstari mmoja. Badala yake nikajirekodi video ya dakika nne. Générose aliwahi kuniomba: "Kaka Anselmo, jambo la muhimu uniandikie. Huku kwetu video zinazunguka tu, na bando langu ni dogo." Nililikumbuka ombi hilo wakati nabonyeza kutuma. Kisha nikalifunga kundi aandike admini peke yake, nikasema naepusha fujo.

Sitalike tulifika thelathini na mmoja. Tulipanga foleni kwenye darubini yenye kichujio cha jua, na jua lilionekana kama kiini cha yai kilichodondokewa pilipili manga. Watu waliojuana kwa namba za simu walikuwa wakishikana mikono na kucheka. Silvester akauliza, "Yule dada wa vitambaa yuko wapi?"

"Labda shamba limembana," nikasema.

Alisikitika sana. Mwishoni akasema basi nafasi aichukue mwalimu wenu. Mkapiga makofi, nami nikayapokea.

Saa kumi na moja jioni nilishuka stendi ya Mpanda. Générose alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda changu, gauni limejaa vumbi la njia nzima. Alifika saa tatu asubuhi.

"Pole na safari, kaka," akasema, yeye ndiye anayenipa pole mimi. "Nyie mlikwenda wapi? Ile video ilizunguka tu, haikufunguka. Nikasema ngoja nisubiri, Anselmo hawezi kuniacha."

Akatoa kwenye mfuko wa sandarusi kamba ndefu iliyofungwa vitambaa vya zile kanga, vikiachana umbali uleule wa kwenye uzio wake.

"Hii yako. Ufunge kwenye uzio, ukae hatua ishirini kama mimi, uangalie. Si wewe uliandika kwamba jua halizami mahali pamoja mwaka mzima? Ndiyo nikaanza kupima. Nikataka kujua kama mwalimu wangu anasema kweli."

Sentensi ile niliinakili tu. Sijawahi kukaa mahali nikatazama jua likizama.

Nikamwambia ngoja nikamnunulie soda.

Silvester ameniomba niandike maisha ya mjumbe wa Katavi, yasomwe kabla ya mkutano. Nimeshampigia nikamweleza yote, na mjumbe ni Générose. Maisha yake ndiyo haya, nayaweka kwanza hapa kundini. Wivu bado ninao, sitawadanganya. Kamba ile nimeifunga na kila nikiitazama wivu unanirudia. Kundi nimelifungua, aliye na neno la kuniambia aniambie. Na yote haya nimeyaandika kwa maandishi matupu, marefu hivi, ili kwake yafunguke.