Nishani Niliyoipata kwa Vibuyu vya Maji

Siku yangu ya kwanza katika boma la Wadachi pale Masasi, shaushi, yaani sajini wetu, Msudani mwenye ndevu nyeupe, alinikabidhi bunduki akaniambia, "Hii ikilia, moshi wake unamwonyesha adui ulipo. Piga, kisha hama hapo upesi."

Nilikuwa kijana wa Chiwata. Nilipovaa kaki nilijiona mkubwa kuliko jumbe.

Baadaye nikahamishiwa Newala. Vita vya Maji Maji vilipowaka tukatumwa doria, na shaushi yuleyule akituongoza. Tulipofika ukingoni mwa mteremko tukavamiwa, tukazingirwa kwenye mawe. Shaushi alipigwa risasi ya gobori pajani, na vibuyu vyetu vilikuwa vitupu. Kule juu hakuna kisima. Maji yako bondeni.

"Nashuka," nikamwambia ombasha, msaidizi wa shaushi.

"Bila bunduki?"

"Nikipiga mara moja tu, moshi utawaita wote."

Nikavua kaki, nikajifunga shuka, nikachukua vibuyu, nikateremka vichakani mchana kweupe. Kisimani nikamkuta mama mmoja akichota. Akaitazama alama ya mkanda wa risasi begani mwangu.

"Wewe askari."

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Huko juu mtu anakufa kwa kiu."

Tukasikia vishindo. Akanisukuma kwenye matete. Wapiganaji wakamwuliza kama ameona mtu. Akawajibu kwa Chimakonde, bila haraka, kwamba hajaona. Walipopita, akanijazia vibuyu mwenyewe.

"Mwanangu yuko nao hao," akasema. "Akishikwa na kiu mikononi mwenu, mpe maji."

Nilipanda ule mteremko kama ninayerushwa. Shaushi akanywa, akapona. Kikosi kikaja kutuokoa, na bwana luteni akanivisha nishani mbele ya boma.

"Umeleta maji katikati ya maadui," akasema. Nilifurahi mno, siwafichi.

Vita vilipopoa wakaletwa mateka, wamefungwa kamba, wakaketishwa juani. Nikabeba mtungi.

"Hakuna amri ya kuwanywesha," ombasha akanikataza.

"Basi kashitaki."

Hakushitaki. Siku hizi nimeacha jeshi, nalima muhogo, na vijana mnaniuliza kuhusu nishani. Mimi huikumbuka zaidi siku ile ya mtungi. Sikumjua mwana wa yule mama kwa sura wala kwa jina. Kwa hiyo niliwanywesha wote.