Joto la Injini ya Garsen

Rubani nilimshuku tangu wiki ya kwanza ya Ramadhani. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, ndege yetu ndogo ikawekwa Garsen kubeba dawa na wagonjwa. Fundi wake nilikuwa mimi, mzaliwa wa Kulesa, na sikupenda alivyowasha injini huku anacheka na abiria.

Injini ya tabaini haifi ghafla. Mapanga yake ya ndani, yale yanayozungushwa na hewa ya moto, huchakaa polepole, na dalili ni joto: nguvu ni ileile, lakini joto linapanda. Kila safari rubani huandika vipimo, nami nachora mstari daftarini. Mstari wangu ulikuwa unapanda. Dawa yake ni kuosha injini kwa maji, nami niliiosha kila baada ya siku tatu. Maji ya mto Tana yalikuwa tope tupu, kwa hiyo nikachota ya kisima cha pampu, meupe hadi unaona kitako cha ndoo. Joto likazidi.

"Kapteni, unaiunguza injini ukiwasha," nilimwambia.

"Fundi, haki ya Mungu siiunguzi."

"Basi nani? Shetani?"

Nikaandika ripoti kwa mwajiri kwamba mtu huyu ataua wagonjwa. Akasimamishwa kazi. Aliondoka bila kuniaga, na nilifurahi, wacha niseme ukweli.

Akaja rubani mwingine, mpole, anawasha injini kama anayembembeleza mtoto. Joto likapanda vilevile. Nikaanza kumshuku na yeye! Nikawa nasimama nyuma ya kiti chake nikimchunguza vidole.

Siku ya Iddi tulikuwa na mgonjwa wa kupeleka Malindi. Jua kali, nina kiu, nikachota kikombe kutoka kwenye pipa la kuoshea. Nikatema. Lo! Chumvi tupu. Mwezi mzima nilishika maji yale nikiwa nimefunga, tone halikugusa ulimi wangu. Na kitabu cha injini kinakataza maji ya chumvi, kwa kuwa hula mapanga, ukurasa huo naujua kwa moyo. Mapanga niliyadhuru mimi, kwa mikono yangu hii. Niliona haya.

Tukazuia ndege isiruke, mgonjwa akangoja nyingine. Nikampigia yule rubani wa kwanza.

"Kapteni, nisamehe. Injini niliiharibu mimi."

Akauliza, "Umeshawaambia wakubwa?"

"Bado."

"Sasa mimi unanipigia ya nini?"