Fundi anayekata nguo kwa sauti

Saa nne na nusu asubuhi, mkasi mkubwa wa Spéciose Nizigama uko katikati ya kitambaa. Ni tabaka kumi na sita za kitambaa cha buluu cha sare za shule, na yeye anazungumza peke yake, kama mtu anayesoma orodha.

"Mukono, kushoto na kuume. Uso juu ya uso. Nakata."

Hakuna anayegeuka. Mafundi wa karakana hii ya ushonaji ya Quartier Asiatique, mjini Bujumbura, wamekwisha kumzoea. Mwantum, aliye kwenye cherehani ya karibu, ndiye anayejibu.

"Amina, mama mchungaji," anasema bila kuinua macho. Spéciose anacheka, mkasi ukiendelea.

Ana umri wa miaka thelathini na sita, na kazi yake ni kuchora kwa chaki na kukata, wengine hushona. Mshono ukikosewa hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa kimekatwa. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Sasa inampa franga elfu thelathini na tano kwa mwezi, zinazolisha watu watano nyumbani kwake mtaa wa Gasenyi, akiwemo binti yake Joëlla.

Wakati wa mapigano ya Julai mwaka jana, 2003, kombora liliangukia nyumba ya jirani yake. Yeye alikuwa uani akianika nguo.

"Nilijiangalia mikono, miguu, nikasema mi niko muzima," anakumbuka. Siku tatu baadaye alirudi kazini.

Kilichofuata hakukielewa mapema. Usingizi ulimpotea. Mezani, akili ilikuwa ikitoka bila kuaga, na ikirudi inakuta mikono imefanya kazi bila yeye. Muuguzi wa kituo cha afya alimtajia jina la hali hiyo kwa Kirundi: ihahamuka, mshtuko unaobaki ndani ya mtu aliyeona vita. Alimpa vidonge, akamwambia arudi kila Alhamisi wazungumze.

Vidonge alivificha ndani ya kopo la vifungo. Ruhusa ya Alhamisi aliiomba kwa ajili ya jino.

"Jino moja limeumwa miezi mitatu," anasema. "Mwantum akaniuliza, Mama Joëlla, hilo jino unalitunzia nani? Si uling'oe."

Kwa nini hakusema ukweli? Spéciose anajibu akichora kwa chaki.

"Ukisema kichwa hakiko sawa, watu hawasikii ugonjwa. Wanasikia umusazi, mwendawazimu. Na nani atapatia mwendawazimu mukasi?"

Mwezi wa Novemba ikaja oda ya suruali za shule. Kwa kawaida Abdu, mpiga pasi mwenye miaka hamsini na tano, ndiye hutandaza kitambaa: tabaka moja uso juu, inayofuata uso chini, ili mkato mmoja utoe upande wa kushoto na wa kulia. Siku hiyo Spéciose alimwambia apumzike, akatandaza mwenyewe. Tabaka zote akazilaza uso juu, kisha akakata. Vikatoka vipande thelathini na viwili vya mguu, vyote vya kushoto.

"Sasa tutafute wateja wa mguu mmoja," Mwantum alisema.

Hakuna aliyecheka. Vita vimeacha wateja wengi wa namna hiyo mjini. Mwantum mwenyewe aliinamia cherehani yake, akashona mpaka mchana.

Mwenye karakana, Mzee Hamimu, alijua kutandaza ni kazi ya Abdu. Alimwita mlangoni, akamwambia juma hilo ndilo la mwisho kwake. Abdu alijibu, "Sawa, patron," akarudi kwenye pasi.

"Nilimuona Spéciose anatandaza," Abdu anaeleza leo. "Macho yalikuwa wazi, lakini mwenyewe apana, hakuwepo. Mutu kama huyo utamushitaki namna gani?"

Spéciose alikuwa na njia nyepesi. Angesema yeye ndiye aliyetandaza, na kwamba alichoka tu, na Abdu angebaki. Aliipima njia hiyo muda wote wanaume walipokuwa msikitini kwa sala ya adhuhuri.

"Nikaona mwezi ujao nitakosea tena," anasema, "na mutu mwingine atalipa."

Hamimu aliporudi, Spéciose alimwekea lile kopo la vifungo mezani na kumweleza yote. Mzee alivitazama vidonge.

"Kumbe si jino?"

"Apana, mzee. Si jino."

"Inakutokea sana?"

"Siku ingine mara mbili. Siku ingine hata kidogo."

Hamimu alilifunga kopo, akamrudishia. "Mi nilifikiri umetuchoka, kila Alhamisi unatafuta kazi kwingine," alisema. "Nimekukasirikia bure tangu mwezi wa tisa."

Alimwita Abdu, akamwomba radhi mbele ya mafundi wote. Kisha akaleta desturi ya wauza vitambaa wa mtaa huo, ambao huhesabu mita kwa sauti mbele ya mnunuzi, ili sikio lishike kilicholiponyoka jicho. Tangu siku hiyo Spéciose hutaja kila kipande kabla ya kukikata, naye Abdu husikiliza. Asiposikia kitu, hugonga meza.

"Usiku ule nililala mpaka nikachelewa kuamka," Spéciose anasema. "Nilikuwa nimebeba vitu viwili, ugonjwa na kuuficha. Kimoja nimekitua."

Ugonjwa haujaisha. Katika miezi mitano amesimama katikati ya kazi mara kumi na moja. Hakuna kitambaa kilichoharibika.

Saa tisa alasiri mlio mzito unasikika kutoka milimani. Cherehani zinatulia, kisha zinaendelea. Spéciose anaweka mkasi chini.

"Mi akili imeondoka kidogo," anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hamimu anakuja na shuka, anafunika meza. "Kitambaa hakiozi, Mama Joëlla. Wahi nyumbani."

Kabla ya kutoka, Spéciose anaeleza mpango wake. Anataka Mwantum ajue kukata kabla mwaka haujaisha, ili mmoja akiondoka, mwingine awepo. Mwantum ameshakubali, na anataka kujua kesho waanze saa ngapi.

"Saa mbili. Na uje umekula. Mukono wa njaa unatetemeka."

Chini ya shuka, mikono ya mashati kumi na sita imekwisha kukatwa. Kola bado.