Picha ya Fundi Anayekunywa Maji

Mtaani kwao walimwita Bi Hakiki, na jina hilo hakuliokota njiani. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi akipokea fedha, na hakuna noti bandia iliyowahi kumpita. Alipostaafu, watu wakaanza kumletea vitu vyao vya thamani awauzie mtandaoni: kamera, saa, vinanda, mara moja hata darubini. Mumewe alipenda kuwaambia wageni, "Huyu hata mimi alinichunguza miaka mitatu kabla ya kukubali posa. Na risiti hajanipa mpaka leo."

Kundi lake la simu lilikuwa na watu zaidi ya elfu moja, na masharti yake waliyajua kwa moyo. Mzigo hautoki kwa ujumbe wa simu wala kwa picha ya risiti. Unatoka ukishaiona fedha kwenye salio lako mwenyewe. Kitu kikubwa mnunuzi aje kukijaribu mchana, na usiwe peke yako. Kinachosafirishwa kipigwe picha namba yake, na kifungwe huku video inarekodi, ili kesho mtu asikuambie amefungua boksi akakuta tofali. Masharti mazuri, wala mimi siyapingi. Ubaya ulitoka kwingine.

Jumamosi moja alikuja fundi cherehani kutoka mji mwingine, safari ya saa nne kwa basi. Alifuata mashine ya kudarizi ya mdogo wake Bi Hakiki, aliyeacha ushonaji kwa sababu ya mgongo. Alikuwa mtu mwembamba, shati limenyooshwa pasi hadi kwenye kola, mkononi kamba na magunia mawili ya kuifungia mashine. Akaijaribu, akaisikiliza ikinguruma, akatabasamu peke yake. Kulikuwa na shule moja kwao iliyompa kazi ya kudarizi nembo kwenye sweta mia tatu, na mwalimu mkuu alimpa wiki mbili tu.

"Hela nililipa benki jana jioni, mama. Risiti hii hapa."

Bi Hakiki akafungua salio lake. Hakukuwa na kitu.

"Kwangu haijaingia, mwanangu."

"Labda inachelewa. Benki yangu na yako ni tofauti. Wapigie basi uwaulize."

"Leo Jumamosi, wameshafunga."

"Mama, mimi si mtu wa mambo hayo."

"Wote husema hivyo."

Akamkatalia, na haki ilikuwa yake. Angeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini fundi aliomba maji ya kunywa kabla ya kurudi stendi. Bi Hakiki akampa glasi kwa mkono wake mwenyewe, kisha, fundi akiwa ameinua kichwa anakunywa, akampiga picha kupitia dirisha. Kabla basi halijatoka mjini uso wa fundi ulishaingia kundini, na chini yake maneno: "Tapeli wa risiti bandia. Mjihadhari naye." Watu wakampongeza Bi Hakiki, wakaisambaza. Akajisikia vizuri siku nzima, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Jumatatu saa tatu asubuhi fedha ikaingia, yote, bila kupungua hata senti.

Bi Hakiki alikuwa anakunywa chai. Kikombe hakukimaliza. Akaifuta picha kundini, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ilishafika kwenye makundi ambayo hata majina yake hayajui. Akampigia fundi, simu imezimwa. Hapo ilibaki kuandika mstari mmoja tu, kwamba amekosea na mtu yule ni mwaminifu. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Aliwaona watu wake elfu moja wakinong'onezana, kumbe na yeye hukosea! Akajiambia angoje kwanza ampate mwenyewe amwombe radhi. Jumanne akajiambia hivyo hivyo. Jumatano mumewe hakutania hata mara moja, na nyumba ikawa nzito.

"Mama watoto," mzee akasema mwishowe, "hela ya mtu unayo, mashine yake unayo, jina lake nalo umelichukua. Umembakishia nini?"

Alhamisi alfajiri alikodi pikapu, akaipakia mashine, akafuata anwani ambayo fundi alimtumia walipokuwa wakipatana bei.

Kibanda cha fundi kilikuwa na cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia na kiti cha wateja. Mlangoni palikuwa na alama ya chaki iliyofutwa kwa kitambaa chenye maji, na bado neno lilisomeka kwa mtu aliyekwisha kulijua. Fundi alimwona, akasimama, akapangusa kiti.

"Karibu mama. Pole na safari."

"Usinipe pole, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuharibia. Nimekuja kukuomba radhi."

Mashine ikashushwa. Fundi akaizunguka, akagusa sindano. "Simu nimeizima kwa sababu ya matusi," akasema. "Kazi ya sweta mwalimu mkuu ameisimamisha. Anasema hawezi kumkabidhi tapeli nguo za watoto wa watu. Simlaumu. Picha ameiona, na aliyeko pichani ni mimi."

Bi Hakiki alitamani afadhali atukanwe. Akatoa simu, akaandika kosa lake lote bila kujipendelea, na dereva wa pikapu akawapiga picha wawili hao wakiwa kando ya mashine. Akatuma. Majibu yakamiminika. Wa kwanza: "Jamani, simu ya mama yetu imeibwa, msiamini!" Wa pili: "Amelazimishwa. Hamyaoni macho yake yalivyovimba?" Akarekodi sauti yake, akawatumia. Wakajibu kwamba siku hizi hata sauti hutengenezwa, na wakamshukuru Bi Hakiki, popote alipo, kwa kuwafundisha kuwa macho.

"Nipe namba ya mwalimu mkuu," akamwambia fundi.

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Akajitambulisha kwa majina yake yote, akaeleza kuanzia risiti hadi glasi ya maji, na katikati akalia, yeye ambaye hata msibani huhesabu viti. Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Nimekusikia, mama. Lakini sauti yako siijui, na huyo fundi yuko hapo hapo ulipo. Nitajuaje kama ni kweli?"

"Nakuja shuleni sasa hivi. Nina kitambulisho, nina karatasi za benki."

"Njoo, mama. Ila uje peke yako. Huyo mtu asionekane getini kwangu, wazazi wameshamjua sura."

Fundi aliyasikia yote. Akakunja kamba zake taratibu, akamsindikiza Bi Hakiki hadi mlangoni, akamwelekeza njia ya shuleni kona kwa kona. Yeye mwenyewe hakutoka nje.